Pemba au Mafia: kabla hujachagua kisiwa

Unguja imeshapanda bei. Viwanja vya Nungwi, Kendwa na Paje sasa vinazungumzwa kwa dola, na anayetaka kisiwa chenye nafasi ya kupumua analazimika kuangalia kwingine. Macho huangukia visiwa viwili: Pemba upande wa kaskazini, Mafia upande wa kusini. Wanaouliza si watalii peke yao. Wapo wastaafu wanaotafuta mahali patulivu pa kujenga, watumishi waliobahatika kuchagua kituo, wenye mtaji mdogo wa kufungua nyumba ya wageni au kununua samaki, na wapo wanaotaka wiki moja tu ya bahari pasipo muziki wa disko hadi alfajiri.

Ukishuka chomboni mara ya kwanza utadhani ni kisiwa kimoja kilichokatwa vipande viwili. Minazi, mikoko, mashua, misikiti yenye kuta za chokaa, wali wa nazi, na wazee barazani wanaotaka kujua wewe ni mtoto wa nani. Wengi huishia hapo, wakachagua kwa picha za ufukwe. Mimi nasema ufukwe ndio unaotofautisha kidogo kuliko vyote. Kinachovitenga visiwa hivi kiko ofisini: nani anakupa ardhi, nani anapanga bei ya zao lako, nani unampigia kura, nani anaweza kukuambia hapana.

Mstari wa 1890

Pemba na Mafia zote zilikuwa chini ya Sultani wa Zanzibar. Kisha tarehe 1 Julai 1890 Waingereza na Wajerumani wakakubaliana kugawana. Unguja na Pemba zikawekwa chini ya himaya ya Uingereza, Sultani akibaki kitini. Ukanda wa pwani ya Tanganyika ukaenda kwa Wajerumani, waliomlipa Sultani marki milioni 4, na Mafia ikaenda pamoja na pwani hiyo.

Wajerumani walijenga boma lao Chole, kisiwa kidogo kilicho ndani ya ghuba, na mwaka 1913 wakahamishia makao Kilindoni ambako vyombo vikubwa vilipata maji ya kutosha kutia nanga. Januari 1915 Waingereza wakaiteka Mafia na kuifanya kituo cha ndege za kuitafuta meli ya kivita Königsberg, iliyokuwa imejificha kwenye matawi ya mto Rufiji. Ilimalizwa Julai mwaka huohuo. Vita vilipokwisha, Mafia haikurudi Zanzibar. Ikabaki Tanganyika.

Ndiyo maana Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964 yaliipitia Pemba hadi mashambani, watu wakagawiwa eka tatu tatu, na Mafia ikayasikia kwa redio. Mpaka leo Pemba ni sehemu ya Zanzibar, yenye rais wake, baraza lake la kutunga sheria na bendera yake ndani ya Jamhuri ya Muungano. Mafia ni wilaya moja kati ya wilaya za Mkoa wa Pwani.

Nchi yenyewe

Pemba ina urefu wa kilometa 67 hivi, na eneo lake linakaribia kilometa za mraba 1,000. Ni vilima na mabonde, udongo mzito, kijani kila unakogeuka. Waarabu waliiita Jazira ya Kijani, na hawakutia chumvi. Kati yake na bara kuna mkondo wenye kina cha mamia ya mita, ndiyo maana wavuvi wake wanapata jodari na nduwaro bila kwenda mbali sana. Kaskazini kabisa, njia ya kwenda mnara wa Ras Kigomasha, kuna msitu wa asili wa Ngezi. Popo wakubwa wa Pemba, ambao hawapatikani penginepo duniani, wanaonekana huko na pia Kidike, karibu na Chake Chake.

Jambo moja wageni hulikosea: Pemba haina fukwe ndefu nyeupe kama za Unguja, isipokuwa sehemu chache kama Vumawimbi. Pwani yake kubwa ni mikoko na miamba. Kama ndoto yako ni kutembea kilometa tano mchangani, utasikitika.

Mafia ni tambarare. Kisiwa kikubwa hakifiki hata nusu ya Pemba kwa eneo, na pembeni yake vipo Chole, Juani, Jibondo na vingine vidogo. Kimekaa juu ya kina kifupi, kilometa 20 hivi kutoka kwenye delta ya Rufiji, na mto huo ndio unaokitengeneza zaidi ya watu wanavyofikiri. Maji yake matamu yenye tope na rutuba yanamwagika upande wa magharibi, vijimea na vijidudu vidogo vya baharini vinastawi, dagaa wanawafuata, na papa potwe anakuja kuwafuata wote. Kuanzia Oktoba hadi Machi unaweza kumwona karibu kabisa na Kilindoni, mnyama mrefu kuliko mashua uliyopanda, amejisimamisha wima chini ya wavu wa dagaa, mdomo wazi, anafyonza maji kwa mikupuo huku wavuvi wakiendelea na kazi zao kana kwamba ni ng'ombe aliyepita uani. Hao hawamwogopi, na hawamvui.

Hata viboko wapo Mafia, na asili yao ni Rufiji.

Upande wa mashariki, ndani ya Ghuba ya Chole, maji ni maangavu na matumbawe ni ya kutosha. Huko ndiko Hifadhi ya Bahari ya Mafia ilipo, ya kwanza ya aina yake Tanzania, iliyoanzishwa katikati ya miaka ya 1990 kwa sheria ya mwaka 1994, yenye kilometa za mraba 822. Kasa wanataga Juani.

Mvua, Pemba na Mafia zote zinazo kwa wingi, na masika ya Aprili na Mei yanaweza kukufungia ndani. Tofauti ni upepo. Kimbunga Hidaya kiliingia nchi kavu Mafia tarehe 4 Mei 2024. Vimbunga ni nadra sana kwenye latitudo hizi, lakini si hadithi. Kile cha Aprili 1872 kilifagia mikarafuu ya Unguja na kuiacha ya Pemba imesimama sehemu kubwa, na tangu hapo Pemba ndiyo iliyoshika zao hilo.

Nani anatawala

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo watu wanapojikwaa.

Pemba ina mikoa miwili, Kaskazini na Kusini, na wilaya nne: Wete, Micheweni, Chake Chake na Mkoani. Kila wizara ya Serikali ya Mapinduzi ina ofisi yake kisiwani chini ya Afisa Mdhamini, naye ndiye mtu wa kumjua kama una shauri linalohusu wizara hiyo. Lakini mengi ya kusainiwa yanasainiwa Unguja. Mfanyabiashara wa Pemba anazoea kusikia kwamba faili lake "limepanda boti". Chini kabisa yuko sheha. Huyu hachaguliwi kwa kura, anateuliwa. Bila barua ya sheha hupati kitambulisho cha ukaazi, hujengi, na mara nyingi hata nyumba ya kupanga itakuwa taabu.

Mafia ina Mkuu wa Wilaya anayeteuliwa na Rais, halmashauri yenye mkurugenzi na madiwani, na vijijini kuna mwenyekiti anayechaguliwa na wanakijiji wenyewe kila baada ya miaka mitano. Ardhi ya kijiji inapita kwenye halmashauri ya kijiji na mkutano mkuu, ambako kila mkaazi mwenye umri wa miaka 18 au zaidi ana haki ya kusimama na kupinga. Mkutano huo unaweza kuwa mrefu na wenye kelele. Hata hivyo angalau unajua aliyekukatalia ni nani na kwa sababu gani.

Uchaguzi mkuu ukifika, mpiga kura wa Pemba anapewa karatasi tano: Rais wa Muungano, mbunge, Rais wa Zanzibar, mwakilishi na diwani. Wa Mafia anapewa tatu. Pemba ina majimbo 18 ya Baraza la Wawakilishi, Mafia ni jimbo moja la ubunge. Kwa hiyo kwa sauti ya kisiasa Pemba haina mpinzani hapa.

Sauti hiyo ina gharama yake. Tangu mfumo wa vyama vingi urudi na uchaguzi wa 1995 ufanyike, Pemba imekuwa ngome ya upinzani, kwanza CUF, kisha ACT-Wazalendo baada ya Maalim Seif Sharif Hamad, mzaliwa wa Mtambwe, kuhama chama mwaka 2019. Januari 2001 watu waliuawa kwenye maandamano, na wengine wakakimbilia Shimoni nchini Kenya. Kura ya maoni ya Julai 2010 ilileta Serikali ya Umoja wa Kitaifa, yenye nafasi ya Makamu wa Kwanza wa Rais, na hali ikatulia kwa kiasi. Bado mwaka wa uchaguzi Pemba una joto ambalo Mafia hawalijui. Anayepanga kufungua hoteli aliangalie hilo kwenye kalenda yake kama anavyoangalia masika.

Sasa ardhi. Zanzibar ardhi yote ni ya umma chini ya serikali, na kwa Sheria ya Ardhi ya 1992 haki ya matumizi ya ardhi anapewa Mzanzibari. Mtu wa Bara, hata akiwa Mtanzania kwa kuzaliwa na babu zake wote, hushughulikiwa kwa mkataba wa kukodi, na mwekezaji mkubwa hupitia ZIPA, mamlaka ya uwekezaji ya huko. Mafia wanafuata sheria mbili za 1999, ya Ardhi na ya Ardhi ya Vijiji, na Mtanzania yeyote anaweza kupata hati, ya kimila au ya serikali. Maana yake Mpemba anaweza kununua shamba Baleni au Kirongwe, ilhali mtu wa Kirongwe hawezi kupata haki hiyohiyo Micheweni. Wapo wanaoliita hili dhuluma, na wapo wanaoliona ndilo lililookoa visiwa vidogo visimezwe na watu milioni 60. Mimi niko na hao wa pili, ingawa najua si jibu la kumfurahisha mstaafu wa Morogoro mwenye kiinua mgongo mkononi.

Raia wa kigeni hamiliki ardhi popote kati ya pande hizi. Atapata tu kwa njia ya uwekezaji.

Na kuna mtego unaovihusu visiwa vyote viwili: kwa mila, mti na ardhi vinaweza kuwa na wenye tofauti. Umelipia kiwanja, ukaweka mawe ya msingi, mara anatokea bibi mmoja anasema ile minazi sita ni urithi wa marehemu kaka yake. Naye anasema kweli. Uliza miti kabla ya kuuliza mipaka. Pemba ongeza kwamba mkarafuu haukatwi kiholela, unahitaji kibali, hata ukiwa katikati ya chumba unachotaka kujenga.

Pesa inatoka wapi

Pemba ni karafuu. Sehemu kubwa ya karafuu ya Zanzibar inatoka huko, na mnunuzi ni mmoja kwa mujibu wa sheria: ZSTC, Shirika la Biashara la Taifa la Zanzibar. Bei inatangazwa na serikali. Kwa miaka mingi ilikuwa ndogo mno, karafuu ikivushwa usiku kwenda Mombasa, na askari wakilinda bandari bubu. Mwaka 2011 bei ikapandishwa kwa kishindo, sera ikawa kumpa mkulima asilimia 80 ya bei ya soko la dunia, na magendo yakapungua kuliko yalivyowahi kupunguzwa na bunduki.

Msimu ukiwa mzuri Pemba hubadilika. Vijana wanapanda na vigoe kuvuta matawi, vikapu vinashushwa kwa kamba, na jioni nyumba nzima inakaa ukumbini kuchambua: karafuu huku, makonyo kule. Watoto wanafanya kwa vidole bila hata kutazama. Asubuhi majamvi yanatandikwa uani na kandokando ya barabara, na dereva anayekanyaga karafuu za mtu hasahau maneno atakayoambiwa. Ikinyesha ghafla, kijiji kizima kinakimbia. Harufu inaingia kwenye nguo, kwenye unga, hata kwenye noti. Makonyo nayo hayatupwi, yanakwenda kiwanda cha Wawi kukamuliwa mafuta.

Mwaka unaofuata huenda mikarafuu ikazaa kidogo. Ndivyo ulivyo mti huo, unazaa kwa zamu, na uchumi wa kisiwa unafuata. Mwenye duka Wete anajua mwaka wa karafuu kwa daftari la mikopo: lile linafungwa, au linaongezwa kurasa.

Mwani ndio pesa ya wanawake. Sehemu kubwa ya mwani wa Zanzibar nao unalimwa Pemba. Wakati wa bamvua, maji yakitoka, wanawake wanashuka na kamba na vijiti vyao. Bei ya kilo ya mwani mkavu haiendani na maumivu ya mgongo, na sijakutana na anayebisha.

Mafia ni nazi na bahari. Mashamba ya minazi yaliyoanzishwa zamani bado yanazaa, ingawa miti mingi imezeeka, na nazi hupakiwa kwenye mashua kwenda Dar es Salaam. Korosho ipo. Hakuna shirika moja la kununua nazi, kila mtu na bei yake, na mchuuzi wa Dar ndiye anayeamua. Unapata uhuru wa kuuza popote, na uhuru wa kupunjwa popote. Samaki, pweza, kamba na dagaa ndio wanaolipa ada za shule. Jibondo wanajulikana kwa uvuvi na kwa mafundi wa mashua, wanaoziba nyufa za mbao kwa pamba na mafuta kama walivyofundishwa na baba zao.

Kwenye hifadhi ya bahari mvuvi hajiamulii. Kuna sehemu hazivuliwi kabisa, kuna nyavu zisizoruhusiwa, na juya ni marufuku. Vijiji vipo ndani ya mipaka ya hifadhi, kwa hiyo ugomvi wa mara kwa mara kati ya mvuvi na mlinzi haukwepeki. Kwa mwenye biashara ya wageni, sheria hizohizo ndizo zinazoleta wateja. Kila mgeni wa kuzamia analipa ada ya hifadhi kwa siku, na watu wanatoka Ulaya kwa ajili ya papa potwe tu.

Utalii Pemba upo, ila ni mdogo kuliko hadhi yake. Kisiwa cha Misali na kuta za matumbawe zinazotumbukia kwenye kina kikubwa ni za wazamiaji wenye uzoefu. Mgeni wa kigeni anayeingia Zanzibar, Pemba ikiwamo, tangu Oktoba 2024 anakata bima ya lazima ya dola 44. Hesabu hiyo kwenye bei yako ya kifurushi.

Umeme: Pemba imeungwa na gridi ya Taifa kwa waya wa chini ya bahari kutoka Tanga tangu 2010, kwa msaada wa Norway. Mafia imekuwa ikitegemea mitambo ya mafuta ya TANESCO hapohapo kisiwani. Anayetaka kiwanda cha barafu au chumba cha baridi cha samaki alifikirie hili kabla ya mengine yote.

Watu

Sensa ya 2022 iliwahesabu Pemba watu 543,441 na Wilaya ya Mafia watu 66,180. Ukigawa kwa eneo, Pemba ina karibu watu 550 kwa kila kilometa ya mraba, Mafia hawafiki 170. Hii unaiona kwa macho. Pemba hakuna pori la kupotea. Nyuma ya kila kilima kuna nyumba na watoto wanaotoka madrasa. Mafia unaweza kutembea kutoka Kilindoni kuelekea Kanga ukapita mashamba marefu ya minazi usikutane na mtu ila mwenye baiskeli.

Wapemba wamezoea kuondoka. Wako Kariakoo, wako Mombasa, wako Oman, na mtaani Dar neno "duka la Mpemba" linaeleweka bila maelezo. Waliokaa pwani ya Kenya kwa vizazi bila uraia walikubaliwa rasmi kuwa Wakenya Julai 2023. Pesa za hawa waliotoka ndizo zinazojenga nyumba nyingi za matofali unazoziona njiani kati ya Chake na Mkoani, nyingine zimefungwa mwaka mzima zikisubiri Idi.

Karibu kila mtu Pemba ni Mwislamu, na maisha yamepangwa hivyo. Mwezi wa Ramadhani usitegemee mgahawa mchana. Pombe ni ya kutafuta hotelini. Mwanamke mgeni akijisitiri mabega na magoti ataheshimiwa na atapata msaada wa haraka. Ukipata rafiki, umepata ukoo: utapelekewa mkate wa mofa, utaalikwa harusi, na mchezo wa ng'ombe ukichezwa Kengeja utatengewa mahali pa kusimama. Mchezo huo unahusishwa na Wareno, na ng'ombe hauawi. Wakati mwingine anayeumia ni mchezaji.

Mafia nako Waislamu ndio wengi, lakini mchanganyiko ni mpana zaidi. Wapo Wambwera wenye kisiwa chao, wapo waliotoka Rufiji na Kilwa, wapo Wamakonde, na walimu, manesi na askari kutoka kila mkoa wa Bara. Kanisa lipo, baa ipo, kitimoto sijui. Mtu wa Dodoma au Mbeya anajichanganya Kilindoni ndani ya wiki chache. Pemba itamchukua muda, pengine mwaka, kabla hajaacha kuitwa "yule mtu wa Bara".

Kwa huduma, wingi wa watu unaisaidia Pemba. Kuna Hospitali ya Abdalla Mzee Mkoani, kuna hospitali Chake na Wete, shule nyingi za sekondari, na tawi la chuo kikuu cha SUZA. Malaria imeshushwa Zanzibar hadi chini ya asilimia moja. Mafia ina hospitali ya wilaya Kilindoni, na ugonjwa ukizidi uwezo wake ni kuvuka kwenda Bara. Mwenye mzazi mgonjwa au mtoto wa kidato cha tano asijidanganye na uzuri wa Chole.

Kufika

Pemba: boti kutoka Dar kupitia Unguja hadi Mkoani, au ndege hadi Chake. Mkondo wa Nungwi hauna utani wakati wa kusi. MV Spice Islander ilizama huko usiku wa Septemba 2011 ikielekea Pemba na watu wengi kupita kiasi. Chombo kikijaa, shuka.

Mafia: ndege ndogo kutoka Dar, nusu saa tu, au basi la Mbagala Rangi Tatu hadi Nyamisati, kisha kivuko cha MV Kilindoni au boti. Ratiba ya Nyamisati inasikiliza maji kuliko saa. Mzigo wa kutoka Mafia ukifika Bara umefika, hauna forodha. Wa kutoka Pemba kwenda Tanga utapekuliwa, na bidhaa nyingine zitalipiwa ushuru, jambo linalowaudhi wafanyabiashara wa pande zote mbili tangu enzi za wazee wetu.

Uchague kipi

Mzanzibari mwenye kitambulisho na ndugu wawili watatu kisiwani, sioni sababu ya kuhangaika: Pemba. Ardhi utapata, wateja wapo zaidi ya nusu milioni, umeme ni wa uhakika zaidi, na ukiwa na mikarafuu hata kumi una akiba isiyohitaji benki.

Mtu wa Bara anayetaka hati kwa jina lake aende Mafia. Akodi kwanza, asinunue. Afahamiane na mwenyekiti wa kijiji na ahudhurie mkutano mkuu hata kama ajenda ni choo cha shule.

Mwenye mtaji wa utalii: Mafia kama unauza papa potwe, kasa na maji mafupi ya familia, na uwe tayari kufunga Aprili na Mei. Pemba kama wateja wako ni wazamiaji wa kina kirefu, au wanataka mashamba ya viungo, magofu ya Ras Mkumbuu na ngome ya Mkama Ndume kule Pujini. Magofu Mafia nayo yapo, Kua kwenye kisiwa cha Juani, mji ulioangamizwa na Wasakalava kutoka Madagaska karne ya 19, na kusema kweli yananivutia kuliko ya Pemba, kwa vile nyumba, misikiti na makaburi bado vinaonekana vilivyopangika.

Mtumishi wa serikali ya Muungano asiye na familia atafurahia Mafia miaka miwili ya kwanza, halafu ataanza kuhesabu ndege zinazoruka kwenda Dar. Mwenye familia, Pemba.

Msafiri wa wiki moja na pesa ya kiasi aende Mafia kati ya Novemba na Februari, apange nyumba ya wageni Kilindoni badala ya Utende, ambako hoteli zinalenga wageni wa dola.

Na anayekwenda kukagua kiwanja, Pemba aende msimu wa karafuu, wenye miti wote wakiwa shambani na kila mti ukiwa na mtu juu yake, maana hapo hakuna anayeweza kukuuzia mkarafuu usio wake. Mafia aende Aprili, aone barabara ya kijiji ikiwa chini ya maji, alale usiku mmoja umeme ukikatika, na asubuhi aulize bei upya.